Sura ya Nne: Kibaba na Mizani

Mtu aliyezoea kupika kwa kikombe, akipata karatasi ya mapishi iliyoandikwa kwa gramu, aghalabu huanza kwa kutafuta nambari moja ya kuzidisha au kugawa, itakayomvusha kutoka upande huu hadi upande wa pili bila taabu. Na kwa kuwa shuleni alifundishwa kwamba maili ina kilomita 1.6 na kwamba ratili ya Kiingereza ina gramu 454, huona ni haki yake kuambiwa vilevile kikombe kina gramu ngapi. Nambari hiyo haipo. Maili na kilomita zote mbili hupima urefu, na ratili na gramu zote mbili hupima uzito, kwa hiyo uwiano wao hauna budi kuwa ule ule, kinachopimwa kiwe chuma au kiwe pamba. Lakini kikombe hupima nafasi na mizani hupima uzito, na baina ya nafasi na uzito hapana njia ila ile ipitayo ndani ya kitu chenyewe. Swali la kikombe kina gramu ngapi halijibiki mpaka aulizaye aseme ni kikombe cha nini, na hata akiisha kusema, kama tutakavyoona, bado hajamaliza.

Tukichukua kikombe cha mililita 250 na kukijaza maji, maji hayo yatakuwa na gramu 250, wala si kwa bahati, kwa sababu wataalamu wa Ufaransa waliotunga vipimo vya mita mwishoni mwa karne ya 18 waliifasiri gramu kwa maji yenyewe. Maziwa yatazidi kidogo, gramu 257 hivi. Mafuta ya kupikia, ambayo huelea juu ya maji, yatapungua hadi 230. Asali itafika 350. Vitu hivi vya majimaji havina hila: hujaza chombo chote bila kuacha pengo, na kila ukivipima hujibu jawabu lile lile. Tukija kwenye vitu vikavu, sukari nyeupe itakuja karibu gramu 210, mchele 200 au zaidi kidogo, chumvi laini 300. Na unga wa ngano, ambao ndio msingi wa nusu ya mapishi yote yaliyoandikwa, waweza kuwa 120 na waweza kuwa 160, ilhali unga ni ule ule, umetoka katika mfuko mmoja, na mkono uliochota ni mmoja.

Sababu ya tofauti hiyo ni hewa. Chembe za mviringo zilizo sawa, zikimiminwa chomboni na kutikiswa mpaka zitulie, hujaza kadiri ya asilimia 64 tu ya nafasi, na zilizobaki zote ni pengo. Ukizimimina bila kutikisa, pengo huzidi. Mchele na kunde, kwa kuwa chembe zake ni nzito na hazishikani, hutulia zenyewe kwa haraka na hazimtofautishi sana mwenye haraka na mwenye subira. Unga sivyo: chembe zake ni nyepesi mno, hushikana na kutegemeana, na hubaki zimesimama juu ya hewa mpaka kitu kizisukume. Aliyeuchekecha na kuumimina kwa kijiko atapata kikombe chepesi. Aliyechota kwa kutumbukiza kikombe ndani ya mfuko, akaugandamiza unga dhidi ya ukingo, atapata kizito. Na aliyegonga kikombe mezani mara mbili tatu ili kiwe sawa juu, akidhani anatenda insafu, atapata kizito kuliko wote. Tofauti baina ya gramu 120 na 160 ni theluthi nzima, na theluthi ya unga katika keki ndiyo tofauti ya keki na tofali.

Watu wa pwani hii hawakuwa wajinga wa jambo hili, na mgawanyo wa vipimo vyao vya zamani ni ushahidi. Vitu vya thamani na vya kusafirishwa vilikwenda mizanini: pembe za ndovu na karafuu zilihesabiwa kwa frasila, ambayo ni kadiri ya ratili 35 au kilo 16, na dhahabu, zafarani na manukato kwa wakia, ambayo ilikuwa uzito wa reale moja ya fedha, gramu 28 hivi. Chakula cha kila siku kilikwenda chomboni: kibaba, ambacho kikijazwa nafaka huchukua takriban ratili moja na nusu, vibaba viwili ni kisaga, vibaba vinne ni pishi, na pishi 60 ni jizla. Chini ya kibaba kulikuwa na vipimo vya mkono wenyewe, yaani ukufi, ule uwezao kulala juu ya kiganja. Konzi, ile iwezayo kufumbatwa. Na chopa, ile ichukuliwayo kwa mikono miwili. Baadaye likaja debe la mafuta ya taa, la galani nne, ambalo lilipokwisha mafuta halikutupwa bali liliajiriwa upya sokoni, na kule Kenya kopo la mafuta ya kupikia likawa gorogoro. Mwenye duka aliyekuwa na mizani ya kupimia karafuu angeweza kupimia mchele pia, kama angetaka. Hakutaka kwa sababu mizani ni ghali na ya taratibu, na chombo ni rahisi na cha haraka, na mnunuzi asiyejua kusoma mishale na mawe anajua kuona kama kibaba kimejaa.

Lakini kimejaa namna gani? Hapo ndipo palipokuwa na kanuni, kwa maana vibaba vilikuwa viwili: kibaba cha mfuto, kilichopitishwa kijiti juu ya ukingo mpaka uso ukawa sawa, na kibaba cha tele, kilichoachwa na kilele chake. Wapatanao bei walitaja mapema ni kipi wanachokusudia, na walikuwa na haki, kwa sababu kilele si kitu kidogo, na ukubwa wake hautegemei ukarimu wa muuzaji peke yake bali umbo la chombo. Nafaka ikimiminwa hujipanga katika mteremko wake wa tabia, nyuzi 30 hivi, haipandi zaidi ya hapo, ikizidi itamwagika. Na ukipiga hesabu utaona kwamba chombo kipana, ambacho kina chake ni nusu ya upana wa mdomo, kilele chake huongeza karibu sehemu moja katika tano ya yaliyomo, ilhali chombo chembamba, ambacho kina chake ni mara mbili ya upana, kilele chake huongeza sehemu moja tu katika ishirini. Vyombo viwili vyenye ujazo sawa kwa mfuto, basi, havina ujazo sawa kwa tele, na muuzaji mwerevu huuza kwa chembamba na hununua kwa kipana. Lumbesa ya leo, lile gunia la viazi au vitunguu lililoshonewa kofia juu mpaka likazidi nusu ya gunia jingine, ambalo sheria ya Tanzania inalikataza na wakulima bado wanalilalamikia, ni kibaba cha tele kilichokua.

Pasipo na biashara wala ulanguzi, bali ibada, suala hili lilichunguzwa kwa makini kuliko popote ninapopajua, na mpishi asione haya kujifunza kwa mafakihi. Zakatul-fitri, itolewayo mwisho wa Ramadhani, iliamrishwa kuwa saa moja ya tende au shayiri kwa kila mtu, na saa hiyo, isiyohusiana na saa ya ukutani, ni chombo cha Madina chenye mudi nne, kila mudi ikiwa chopa moja ya mikono ya mtu wa wastani. Watu wa pwani waliposomeshwa fikihi waliifasiri saa kwa pishi na mudi kwa kibaba, na hesabu ya nne kwa moja ikaoana vizuri. Ila Uislamu ulipoenea mbali na Madina, ambako chombo chenyewe hakikuonekana, wanavyuoni walilazimika kukieleza kwa kitu kinachosafiri kwa maneno, yaani uzito, na papo hapo wakatofautiana: wa Iraki, wakiongozwa na Abu Hanifa, walisema saa ni ratili nane, na wa Hijazi walisema ni ratili tano na theluthi. Inasimuliwa kwamba Abu Yusuf, mwanafunzi mkubwa wa Abu Hanifa, alipofika Madina katika karne ya 8 na kulijadili jambo hili, waliletwa wazee wa kizazi cha Muhajirina na Ansari, kila mmoja na saa aliyoirithi kwa wazazi wake chini ya shuka lake, na zilipolinganishwa zikawa sawa. Abu Yusuf akazipima, akaona ni tano na theluthi au pungufu kidogo, akaiacha kauli ya mwalimu wake.

Jambo lililobaki ndilo lituhusulo zaidi. Tano na theluthi za nini? Saa iliyojazwa shayiri haina uzito wa saa iliyojazwa ngano, wala ya tende haina uzito wa ya mahindi. Na Imamu Nawawi, ambaye madhehebu ya Shafii ya pwani yetu humtegemea sana, alikubali kwamba tegemeo ni chombo, na kwamba ratili zilizotajwa ni makadirio tu, kwa kuwa uzito hugeuka kwa kugeuka nafaka. Ndiyo sababu kila mwaka, siku za mwisho za mfungo, waulizaji husikia misikitini majawabu yasiyofanana, huyu akisema kilo mbili na kitu, yule kilo mbili na nusu, mwingine kilo tatu kwa kujihadhari, na wengi hudhani wanavyuoni wamegongana katika dini, ilhali walipogongana ni katika kugeuza ujazo kuwa uzito. Wote wanakusudia chombo kimoja. Aliyesema tatu ameongeza ili asipunguze haki ya maskini. Na mimi naona hiyo ni kanuni njema ya kugeuza vipimo, kwamba mtu ajue kwanza kosa la upande gani lina madhara, kisha aelemee upande wa pili.

Huko Magharibi njia ilipita kwingine. Waingereza na majirani zao wa Ulaya walibaki na mizani jikoni, na vitabu vyao vya mapishi huandika unga na siagi kwa uzito. Wamarekani wakashika kikombe. Kikombe hicho kilikuwa cha kila nyumba na cha kila namna, pamoja na vijiko vya tele na siagi ya ukubwa wa yai, mpaka Fannie Farmer, mkuu wa chuo cha upishi cha Boston, alipotoa kitabu chake mwaka 1896 na kusisitiza kwamba kikombe na kijiko vipimwe kwa mfuto, uso ukisawazishwa kwa kisu. Marekani ilimshukuru, nayo ilikuwa na haki kushukuru, kwani kilele kilitoweka. Hewa ya ndani ya unga haikutoweka, na kisu hakiwezi kuifikia.

Wala kikombe chenyewe si kimoja. Kikombe cha Marekani ni mililita 237, kwa sababu Wamarekani walibaki na galani ya mvinyo iliyowekwa na sheria ya Uingereza ya mwaka 1707, zama za Malkia Anne; Waingereza wenyewe waliiacha mwaka 1824, wakatunga galani mpya iwe na ujazo wa ratili 10 za maji, na nusu painti yake, ambayo vitabu vya zamani huiita kikombe, ikawa mililita 284. Australia hutumia 250. Kikombe kinachotoka ndani ya sanduku la sufuria ya umeme ya kupikia wali mara nyingi ni cha Kijapani, mililita 180, na aliyekipoteza akaweka kingine mahali pake hushangaa kwa nini mistari iliyochorwa ndani ya sufuria haimwambii kweli tena. Kijiko cha mezani ni mililita 15 karibu kila mahali isipokuwa Australia, ambako ni 20. Kwa hiyo mtu anayesoma mapishi yanayotaja vikombe aangalie kwanza kitabu kimetoka nchi gani, kabla hajauliza lolote juu ya gramu.

Namna ya kujitengenezea hesabu yako mwenyewe haina ugumu, na inataka mizani ndogo ya jikoni na alasiri moja. Kipime chombo chako kikiwa kitupu na kikavu, uandike uzito wake. Kijaze maji mpaka ukingoni, ukipime tena, utoe ule wa kwanza: gramu zilizobaki ndizo mililita za chombo chako, kiwe bilauri, kopo la maziwa au kata ya mbao uliyorithi. Kisha kikaushe, ukijaze unga kama unavyouchota siku zote, si kama unavyodhani ungepaswa kuuchota mbele ya mgeni, usawazishe uso, upime. Mwaga, rudia mara kadhaa, na ushike wastani. Ukigawa gramu za unga kwa mililita za maji utapata sehemu fulani, mathalani 0.55, na sehemu hiyo ni ya mkono wako na unga wako. Ukiizidisha kwa ujazo wa chombo chochote kingine, umepata uzito. Fanya vivyo hivyo kwa sukari, mchele, semolina, unga wa mchele wa vitumbua, nazi iliyokunwa, na ubandike karatasi hiyo ndani ya mlango wa kabati. Orodha zilizochapwa vitabuni zina faida ya kukuonyesha kama umekosea mno. Hazina faida ya kuchukua mahali pa mkono wako.

Nisije nikadhaniwa naiabudu mizani. Nayo ina udhaifu, kwa kuwa huhesabu kila kilichomo, pamoja na maji ambayo hukuyanunua kwa hiari. Unga uliokaa wazi siku za masika huvuta unyevu wa hewa, na gramu 500 zake si gramu 500 za unga wa kiangazi. Nazi iliyokunwa sasa hivi na iliyokaushwa zikiwekwa mizanini kwa uzito sawa hutoa tui lisilofanana hata kidogo. Nyama hupimwa na mfupa wake. Na vipo vitu ambavyo mpishi wa pwani havipimi kwa chombo wala kwa mizani bali kwa idadi, mayai, nazi, ndimu, vitunguu, vidonge vya iliki, na anayekuja na mapishi ya nazi mbili anategemea nazi za mahali fulani za ukubwa fulani bila kusema. Hapo pana geuzo la tatu, na bora mtu alifanye mara moja kwa kupima nazi iliyokunwa aliyopata, kuliko kubishana na idadi.

Katika viungo vidogo mambo hupinduka, na kijiko huishinda mizani. Mizani nyingi za jikoni husoma kwa gramu moja moja, na kosa la gramu moja si kitu katika kilo ya unga, ila ni kubwa katika kijiko cha chai cha hamira, chenye gramu 3 tu. Mizani ikisema 3 wewe hujui kama ni mbili na nusu au tatu na nusu. Kijiko cha chai cha chumvi laini kina gramu 6 hivi, na cha chumvi ya mawe hupungua sana, kwa sababu ile ile ya pengo baina ya chembe, basi asemaye kijiko cha chumvi aseme na chumvi ipi. Zafarani ya halua, iliki na kungumanga ni za vidole, na mpishi wa halua aliyezoea hakosei ndani yake hata robo ya anavyokosea mgeni mwenye mizani.

Limebaki la wali, ambalo watu wengi hulichukulia kuwa ndilo rahisi kuliko yote, kikombe cha mchele kwa vikombe viwili vya maji, kiasi kwamba wanaona hakuna haja ya gramu wala lita. Kanuni hiyo ni kweli kwa sufuria ndogo, na aliyeichukua nzima mpaka kwenye sufuria ya harusi amepika mashendea. Mchele wenyewe, ili uive, hunywa maji yasiyozidi sana uzito wake. Yaliyobaki katika vile vikombe viwili hayaendi mcheleni bali huondoka kwa mvuke, na mvuke hufuata upana wa mdomo wa sufuria na muda wa moto, haufuati wingi wa mchele. Ukizidisha mchele mara 40 hukuzidisha mdomo wa sufuria mara 40, wala muda wa kuiva. Wapishi wa shughuli huwaachia wenye duka kilo za mchele, na maji huyapima kwa kutia kidole cha shahada juu ya mchele uliolala sawa, maji yafike pingili ya kwanza. Kwa kidole hicho sufuria hupata maji ya kujaza mapengo baina ya punje, ambayo hukua pamoja na mchele, na juu yake tabaka moja la kina kile kile, ambalo hukua pamoja na mdomo wa sufuria tu: ndiyo hesabu ile ile ya kinachonywewa na kinachopaa, imefanywa bila kalamu. Kwa kilo 10 katika sufuria ya upana wa sentimita 45, kidole hutoa lita 9 au 10, ilhali kanuni ya viwili kwa kimoja ingemimina lita 25. Kwa kikombe kimoja katika sufuria ya mtu peke yake, kidole huzidisha maji kidogo, na hapo ni heri kurudi kwenye kikombe.